Uma wa Korongo

Sajenti aliingia dukani akiwa na kofia mbili. Moja alikuwa ameivaa, nyingine ameishika kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la maji anayeogopa lisimwagike. Mimi nilikuwa nashona zipu ya suruali ya mteja. Niliiona ile kofia ya mkononi, nikaliona na doa la jasho upande wa ndani ambalo sabuni zote zilishindwa kulitoa, nikajua ni ya nani. Mguu wangu haukuacha kukanyaga cherehani. Zipu ile niliishona mpaka mwisho, na ikanyooka. Mpaka leo sielewi ilinyookaje.

"Shemeji," alisema, "acha kwanza hiyo kazi."

"Yuko hospitali gani?"

Sajenti alimtazama mwenye duka, kana kwamba yeye ndiye angejibu. Kisha akaiweka ile kofia juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi.

"Hatukufika hospitali, shemeji."

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau vitu vidogo. Juzi nilikaa kitandani nikijaribu kukumbuka alikuwa akianza kuvaa kiatu cha mguu gani, nikashindwa. Kwa hiyo nayaweka hapa yale ambayo bado ninayo.

Mume wangu alikuwa askari wa usalama barabarani, na kazi yake ilikuwa rada ya mwendo. Walifanya kazi wawili wawili, lakini si pamoja. Yeye alisimama peke yake pale barabara kuu inapomaliza kona na kunyooka, akiyaelekezea magari rada. Akimpata mwenye kukimbiza anasema kwenye redio, na Sajenti, aliyekuwa mbali kule chini karibu na daraja, ndiye anayelisimamisha gari. Siku nzima walikuwa wanaongea bila kuonana.

Kila rada ina uma wake. Si uma wa kulia chakula. Ni kipande cha chuma chenye mpini na meno mawili marefu, ukikigonga kinalia na kutetemeka. Ubavuni kimechongwa namba ya mwendo. Wa mume wangu ulikuwa themanini. Kabla ya kuanza kazi askari anaugonga uma, anauweka mbele ya rada, na rada inadhani imeona gari linakuja kwa mwendo ule. Ikionyesha themanini, ni nzima. Ikionyesha kingine, inarudi stoo.

Uma haugongwi kwenye chuma wala jiwe, utaharibika. Wenzake waligonga kwenye kipande cha ubao. Yeye aligonga kwenye kisigino cha kiatu chake. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana shingo ya kutosha watu wawili, na alipokuwa akikunja mguu wa kushoto nyuma na kubaki amesimama kwa mmoja pale kando ya barabara, wenzake waliona ndege. Wakamwita Korongo. Jina likaja mpaka nyumbani. Hata mama yake mzazi, tuliyekuwa tunaishi naye pamoja na binti yetu, alianza kuniuliza jioni, "Korongo wangu amekula?"

Stoo hakuiamini, kwa hiyo uma alikuwa akirudi nao nyumbani mfukoni. Siku moja aliutafuta asubuhi chumba kizima, akaukuta jikoni.

"Nani ameweka mali ya serikali kwenye vijiko?"

"Mimi," alisema mama mkwe. "Nilijaribu kulia tambi. Haushiki kitu. Serikali imekuibieni meno mengine."

Alikuwa na furaha ya kimya, mume wangu. Alicheka kwa mabega.

Halafu vikaja vile vifaa vya kuvuruga rada. Kidude hakizidi pakiti ya sigara, unakifunga mbele ya gari, nyuma ya grili, na rada ikilitazama gari lako haioni kitu. Madereva walikiita kiziba. Viliuzwa waziwazi, kwenye maduka yale yale ya spika na taa za magari, kwa sababu hakukuwa na sheria ya kuvikataza. Mume wangu alianza kurudi nyumbani amenyamaza.

"Gari linapita mpaka kofia inataka kuruka," aliniambia, "na mashine inaniambia barabara ni nyeupe. Nikimsimamisha ananiambia, afande, onyesha namba. Namba sina."

Muswada wa kuvipiga marufuku uliandikwa, ukakwama kwenye gharama. Wataalamu walisema kila kituo kitahitaji mashine maalumu ya kunusa kiziba, na hazina ikajibu kuwa hakuna fungu la kununulia mashine hizo. Muswada ukalala. Korongo alikuwa amekwisha kupata njia yake. Alimweleza mkubwa wake, mkubwa akamweleza mkubwa mwingine, na mwisho mume wangu akaitwa mbele ya kamati. Nilimpigia pasi shati mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na haraka.

Jioni ile alituonyesha yote yaliyotokea, pale pale sebuleni, meza tumeisogeza ukutani. Ukumbi wa kamati ulikuwa na zulia nene, akaomba ruhusa kukunja mguu. Mheshimiwa mmoja mnene alijitolea kuwa gari. Akatoka mlangoni na mikono ameishika kama usukani, tena akipiga honi kwa mdomo.

"Gari linakuja kasi," Korongo aliwaeleza, "na skrini ni tupu. Dereva atasema mahakamani rada yangu mbovu. Basi hapo hapo, kabla gari halijanifikia, nagonga uma. Rada ikisoma themanini, rada ni nzima. Kwa hiyo ubaya uko kwenye gari. Linakamatwa, linafunguliwa mbele, kiziba kinakutwa."

"Na kwa njia hii serikali itanunua nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna kitu, mheshimiwa. Rada zipo. Uma zipo. Kiatu ni cha kwangu."

Walicheka, wakaandika. Baada ya majuma machache muswada ulitoka upya, na mwishoni, kwenye maelezo ya gharama, kulikuwa na sentensi moja: utekelezaji wa sheria hii hautaongeza gharama yoyote kwa Serikali. Alituletea nakala. Alituwekea kidole pale.

"Sentensi hii," alisema, "ni mimi."

"Wamekupa nini?" mama yake akauliza.

"Wamenipa mkono, mama."

"Mkono mtupu?"

"Na soda."

"Basi serikali imetumia soda. Waambie waandike."

Tulicheka mpaka mama akaomba maji.

Sheria ilipita, na njia yake ikawa ndiyo njia ya askari wote wa rada. Sikuiona hatari yake. Yeye mwenyewe hakuiona, na alikuwa mtu wa kuona mbali. Zamani uma uligongwa asubuhi, barabara ikiwa haijachangamka, na huna haraka na mtu. Sasa uligongwa gari likiwa linakuja. Mkono mmoja una rada, mwingine una uma, mguu mmoja uko hewani, na macho lazima yawe kwenye skrini, kwa sababu ile namba inakaa kidogo tu kisha inapotea, na usipoiona huna kesi. Wakati ambao askari anatakiwa kulitazama gari kuliko wakati wowote, ndio wakati ambao hawezi kulitazama.

Sajenti alinieleza baada ya mazishi, wakati viti vya kukodi vimekwisha kuondoka na tumebaki na mkeka. Alieleza akiwa anatazama vidole vyake.

"Alisema kwenye redio, 'Sajenti, huyu ana kiziba, skrini nyeupe, ngoja nigonge.' Basi. Nikajiweka tayari kumsimamisha. Nikasubiri aseme themanini."

"Hakusema."

"Hakusema. Yule dereva alikuwa anamkwepa mtu wa baiskeli, gari likamshinda, likapanda kando." Alivuta pumzi. "Shemeji, Korongo alikuwa mwepesi. Nimemwona akiruka mtaro na buti. Kama angeliona lile gari linageuka, angetoka. Lakini alikuwa kwenye skrini."

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yetu, nikadhani hasikii, maana masikio yake yamekuwa mazito. Akasema, "Alikuwa kwenye mguu mmoja."

"Ndiyo, mama," Sajenti alijibu.

Dereva alikamatwa, na kiziba kilikutwa nyuma ya grili, kimepasuka. Amefungwa. Sijui nifanye nini na habari hiyo.

Siku ile ya msiba Sajenti alikuwa ametuletea vitu vya marehemu kwenye mfuko: viatu, saa, pochi, na uma ambao waliuokota kwenye majani. Uma ulikuwa mali ya stoo, haukutakiwa kuja kwetu. Lakini hakuna askari aliyewaza hivyo. Wote walizoea kuuona mfukoni mwake, wakauhesabu kuwa wake kama saa.

Mama mkwe aliuchukua. Alikuwa akikaa nao kibarazani mchana, anaugonga kwenye fimbo yake ya kutembelea, kisha anaubana mpini wake kwenye taya, chini ya sikio. Anafumba macho mpaka uishe kutetemeka. Siku moja nilimuuliza anasikia nini.

"Sisikii," alisema. "Nahisi. Unapita kwenye mfupa."

Aliponipa nijaribu nilikataa.

Sajenti alirudi kabla ya arobaini. Alikaa ukingoni mwa kiti, nikajua ametumwa.

"Stoo wanaulizia uma, shemeji. Rada bila uma wake haiingii barabarani. Mahakama haiikubali."

"Nani atashika hiyo rada?"

"Wamepanga mtu mwingine. Mwenzetu mmoja, unamjua, yule anayetembea kama amebeba tanuri kichwani."

Nilimjua. Mke wake alikuwa mteja wangu, na mtoto wao wa mwisho alikuwa bado anabebwa.

"Atasimama na nani?"

Sajenti akatazama mlango.

"Nimekuuliza, shemeji. Pale kwenye kona atasimama na nani?"

"Peke yake. Mimi nitakuwa darajani. Ndivyo kazi ilivyopangwa."

"Na atagonga uma gari likija."

"Ndiyo sheria."

"Basi uma haurudi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto. Mama mkwe, ambaye hakuwa amesikia neno, aliuvuta uma karibu na kifua chake.

"Utaniletea matatizo," Sajenti alisema taratibu.

"Waambie umenikuta sitaki. Waambie mjane wa Korongo amechanganyikiwa, wataamini. Wakiweka watu wawili pale, mmoja wa kugonga na mmoja wa kutazama barabara, nauleta mwenyewe kwa miguu yangu."

Ilichukua muda, na barua ambazo sikuzijibu, mpaka nikaitwa kwenye ofisi moja ya ghorofani. Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa kulalamika, madirisha yamezibwa nusu na mafaili. Mwenye meza ndiye aliyekuwa akikadiria gharama za sheria kabla hazijapitishwa. Moyoni nilimwita Bwana Makadirio. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mtu mkali. Alisimama nilipoingia, akanipa pole, akanivutia kiti. Alikuwa na uzi unaning'inia kwenye kifungo cha mkono wa shati, nikashindwa kuacha kuutazama.

"Nilikuwepo siku ile," alisema. "Siku aliyokunja mguu kwenye zulia. Mimi ndiye niliyeandika ile sentensi."

"Aliipenda sana."

"Nilifurahi kuiandika. Sheria nyingi nzuri zinafia hapa mezani kwangu, mama. Ile haikufa."

Nilitoa uma kwenye mkoba nikauweka juu ya meza yake, ila mkono sikuutoa.

"Nataka watu wawili kwenye kila rada."

"Watu wawili ni ajira mpya. Ajira mpya ni gharama. Na sheria imepita kwa maelezo kwamba haina gharama. Nikiongeza gharama lazima irudi kwenye kamati, na ikirudi, sitakudanganya, wanaouza viziba wana marafiki. Haitatoka. Viziba vitarudi madukani."

"Na mume wangu umemwandika wapi?"

Hakuelewa.

"Sentensi inasema hakuna gharama. Nauliza, yeye yuko upande gani?"

Alivua miwani, akaiweka, akaivaa tena.

"Mafao yake yanatoka kwenye fungu la mafao," alisema. "Ni fungu lingine kabisa. Kwa hesabu, sentensi bado ni ya kweli." Akasukuma faili pembeni. "Samahani. Hivyo ndivyo inavyokaa kwenye vitabu. Sikusema kwamba ni sawa."

Feni ikaendelea na malalamiko yake. Nilidhani ataniita mlinzi. Badala yake alivuta karatasi, akaanza kuchora vijistari, kama fundi anayepanga kitambaa kisichotosha gauni.

"Kama hatuajiri," alisema, "bali tunahamisha. Askari ambao tayari wapo, wanalipwa tayari. Tunawatoa kwenye kazi nyepesi, tunawaweka kwenye rada kama macho ya pili. Hapo hakuna gharama mpya. Hakuna haja ya kurudi kwenye kamati. Ni waraka tu wa ndani."

"Watakuwa wawili? Pamoja, si mmoja darajani?"

"Watatu. Mmoja anagonga, mmoja anatazama barabara, mmoja darajani."

"Na anayetazama barabara hatashika kitu?"

"Hatashika kitu. Nitaandika hivyo hivyo."

Nilianza kulia pale, nikajiona mjinga, kwa sababu ndicho nilichokuja kukitafuta. Alinisukumia boksi la karatasi laini. Tulipeana mikono. Sikumuuliza kazi nyepesi ni zipi. Wala yeye sidhani alikuwa anazijua. Juu ya karatasi yake kulikuwa na vijistari tu.

Uma nilisema nitaupeleka kesho yake, baada ya kumuaga mama. Alipoelewa hakubisha. Aliugonga kwenye fimbo, akaubana kwenye taya, akafumba macho. Ulipotulia aliufuta kwa upindo wa kanga na kunipa.

"Atakayeutumia ana mama?" aliuliza.

"Anaye."

"Haya, peleka."

Nilimkabidhi Sajenti mkononi. Waraka ulitoka kabla shule hazijafunguliwa. Nilikwenda mpaka kwenye ile kona siku ya kwanza, nikasimama mbali, nikaona kwa macho yangu: mwenye tanuri kichwani na rada yake, na pembeni, hatua chache nyuma, mtu wa pili aliyeshika mikono yake mwenyewe nyuma na kutazama barabara tu. Alikuwa amenipa mgongo, sikumtambua. Nilirudi nyumbani nikalala mchana, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu zile kofia mbili.

Shule ya binti yangu ipo ng'ambo ya barabara yenye malori. Pale getini kulikuwa na askari wa kike wa kuwavusha watoto, tangu binti yangu yuko darasa la kwanza. Watoto walimwita Afande Filimbi. Alikuwa akilisimamisha lori kwa kiganja, kisha anawahesabu watoto wakivuka kwa kuwagusa vichwa, na anayekimbia anarudishwa kuvuka upya.

Shule zilipofunguliwa binti yangu alirudi akaniambia, "Mama, Filimbi hayupo." Nikamwambia labda anaumwa.

Jumamosi Afande Filimbi alikuja dukani na suruali mbili za kazi za kupunguza urefu.

"Nyasi za kule zinalowesha," alisema. "Nikatie kidogo, dada."

"Kule wapi?"

"Kwenye kona. Hujui? Wametuhamisha wote wa mageti ya shule. Waraka unasema ni kazi nyepesi." Alicheka bila raha. "Waje siku moja wavushe darasa la kwanza wakiwa na njaa. Sasa mimi ni macho. Nasimama, natazama magari, basi."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kijito cha pini.

"Na getini yupo nani?"

"Hakuna mtu, dada. Mwalimu mkuu ameandika kuomba. Wamemjibu hakuna fungu." Kisha akaniona uso. "Usifanye hivyo. Juzi tu nilimvuta mwenzangu shati, gari lilikuwa linamjia na yeye yuko kwenye skrini. Ningekuwa getini angekuwa amekwenda. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mke wake ananiletea maziwa sasa kama mimi ndiye niliyezaa."

Nilipima suruali zake, nikazikunja, nikapiga pasi mistari. Alipotaka kulipa nilimwambia aache. Alipofika mlangoni akageuka, akavua filimbi shingoni, ile ya zamani yenye kamba ya kijani iliyopauka, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Kwenye kona haina kazi, alisema. Pale hakuna anayeisikia.

Mwenye duka amenikubalia nichelewe kufungua asubuhi na nitoke kidogo mchana, nifidie jioni. Mwalimu mkuu amenipa kibao cha mbao kilichoandikwa SIMAMA. Malori mengine yanasimama, mengine yanapiga honi kwanza. Watoto wa pale getini siku hizi nawavusha mimi.